Mlango wa mvule unaotazama magharibi: uchambuzi wa vanishi iliyobanduka Bagamoyo

Mlango wenyewe hauna kasoro. Ni wa mvule, fremu na paneli, unene wa milimita 45, upana sentimita 90, urefu mita 2.1. Viungo vimekaza, paneli hazijapinda, bawaba hazijalegea. Uko nyuma ya nyumba ya familia moja Bagamoyo, upande usioelekea baharini, kwa hiyo unatazama magharibi. Ulipigwa vanishi ya kung'aa mwezi wa Juni. Masika ya mwaka uliofuata yalipokwisha, nusu yake ya chini ilikuwa ikibanduka magamba mepesi kama ya kitunguu, na mbao iliyobaki wazi ilikuwa imeanza kugeuka kijivu.

Mwenye nyumba ni mama anayefanya kazi Dodoma na huja Bagamoyo wakati wa likizo. Alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijaweka begi chini.

"Fundi, kopo nilinunua mwenyewe na risiti ninayo. Ama waliniuzia feki, ama huyu mwenzako aliichakachua kwa thina. Niambie ni lipi."

Nilimwomba kwanza anionyeshe upande wa ndani wa mlango uleule. Ulikuwa unang'aa bado. Hakuna ufa, hakuna gamba, hata pale karibu na kitasa ambapo mikono inagusa kila siku. Kopo moja, brashi moja, fundi mmoja, wiki moja, na matokeo mawili tofauti kabisa. Kama vanishi ingekuwa feki, au ingekuwa imezidishiwa thina, upande wa ndani nao usingebaki vile. Tofauti pekee kati ya pande hizo mbili ni jua na mvua. Basi swali la kujiuliza halikuwa kama vanishi ni nzuri au mbaya. Lilikuwa kama ni vanishi ya mahali pale.

Gamba linasema nini likigeuzwa

Watu wakiona vanishi imebanduka hutazama mlango. Mimi hulitazama gamba kwa nyuma. Nilichomoa moja katikati ya mwimo wa kulia, yaani ubao wa wima wa fremu ya mlango, mahali jua linapopiga bila kizuizi, nikaligeuza kwenye mwanga. Mgongoni mwake kulikuwa na vinyuzi vyembamba vya mbao vimeng'ang'ania. Maana yake vanishi haikuiachia mbao. Ni ngozi ya juu ya mbao iliyokatika na kuondoka pamoja na vanishi.

Hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi dukani. Kinachozishika nyuzi za mbao pamoja ni lignini, na lignini huharibiwa na mionzi ya jua, hasa ile ya urujuanimno. Vanishi angavu inapitisha mwanga, ndiyo maana tunauona uzuri wa mbao. Lakini mwanga uleule unaotuonyesha mbao unaifikia mbao pia. Utando wa juu unaweza kuwa mzima kabisa huku chini yake mbao inageuka vumbi taratibu. Siku utando unapopata ufa, maji yanaingia, na safu nzima inainuka.

Gamba la pili nilichomoa kwenye ubao wa chini kabisa, sentimita chache kutoka sakafuni. Hili mgongoni lilikuwa safi, halina nyuzi, ila lilikuwa na weupe wa ungaunga unaofutika kwa kidole. Mbao chini yake ilikuwa na madoa meusi. Kwa hiyo mlango mmoja ulikuwa na magonjwa mawili: juu kidogo ni jua, chini ni maji.

Ule weupe ulinifanya nitoe kitambaa na thina. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Ukisugua mahali palipopakwa klia ya kupulizia, ile ya nitroselulosi wanayopenda watengeneza makabati, thina huiyeyusha mara moja na kitambaa kinanata. Vanishi ya mafuta au poliyurethani haiyeyuki. Ikikaa na thina kwa muda hukunjamana au kulainika tu. Hapa safu ya juu haikuyeyuka, lakini nilipoichuna, safu iliyokuwa chini yake iliyeyuka na kunata. Hiyo ilikuwa sandingi sila, safu ya msingi inayopakwa kabla ya vanishi.

Sasa picha ikawa kamili. Fundi aliyefanya kazi ile ni mtengeneza vitanda na kabati, na alifanya alivyozoea: msasa, sila mara mbili, msasa mwepesi, kisha poliyurethani ya kung'aa. Kwenye kabati la chumbani utaratibu huo unatoa kazi ya kupendeza, na sitamlaumu kwa kuujua. Sila ina dawa inayoifanya isagike vizuri chini ya msasa bila kuziba karatasi, na dawa hiyohiyo inaifanya iwe laini na isishikwe sana na kitu kinachopakwa juu yake. Inapofikiwa na maji inaachia. Ni msingi wa samani za ndani. Ukiuweka mlangoni penye mvua umejenga juu ya mchanga.

Halafu kopo. Lilikuwa bado stoo, limebaki robo. Nilimkabidhi mama asome nyuma, palipoandikwa kwa herufi ndogo. Alisoma kimya, akaniangalia: "Kwa matumizi ya ndani." Basi hakuuziwa feki. Aliuziwa kitu halisi cha kazi nyingine, na muuzaji hakumuuliza anakwenda kukipaka wapi.

Poliyurethani ya ndani huwa ngumu, na ugumu ndio sifa yake: sakafu, meza, ngazi, inavumilia kukwaruzwa na kumwagikiwa. Lakini mbao ya nje haitulii. Masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na utando mgumu usioweza kuifuata hupasuka, kwanza pale mwimo unapokutana na ubao wa kukingama. Nyufa za mlango huu zilianzia hapohapo, kwenye viungo, zikashuka.

Hesabu ya kivuli

Mama alikuwa na hoja nzuri: "Mbona kuna upenu? Si ndio unakinga jua?"

Upenu upo, unatoka sentimita 60, na ukingo wake uko kama mita mbili na nusu juu ya sakafu. Kwa ukuta unaotazama kusini au kaskazini, upenu huo unasaidia sana kwetu huku, kwa kuwa jua la mchana liko juu karibu na utosi mwaka mzima. Kwa magharibi ni hadithi nyingine. Chukua mwezi Machi au Septemba. Saa nane mchana kivuli cha upenu bado kinafika karibu katikati ya mlango. Saa tisa na nusu jua limeshuka nyuzi 45, na kivuli kinagusa shubiri moja tu ya juu. Saa kumi na nusu mlango wote uko juani na utabaki hivyo hadi jua lizame. Nusu ya chini inapata jua mapema zaidi na kwa saa nyingi zaidi, tena ndiyo inayorukiwa na matone ya mvua yanayodunda sakafuni. Ukienda kuutazama mlango, mstari kati ya palipobanduka sana na palipobaki unafuata hesabu hiyo karibu sawasawa.

Niliingiza kioo kidogo cha mkoba chini ya mlango. Ukingo wa chini haukuwa umepakwa kitu chochote. Alama za msumeno zilikuwa zinaonekana bado, na mbao ilikuwa nyeusi. Huu ni ugonjwa wa karibu kila mlango ninaoitwa kuutazama. Mlango hupigwa vanishi ukiwa umeshafungwa, na brashi haifiki chini. Ncha za miimo pale chini zimekatwa kukingama na nyuzi, na mbao hunywa maji kwa ncha zake haraka kuliko kwa ubavu, mara nyingi zaidi. Kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 13 katikati ya mlango na zaidi ya 20 kwenye ubao wa chini. Hakuna utando utakaoshika juu ya mbao inayonyweshwa maji kwa nyuma.

Kilichowezekana kuchaguliwa

Sikutaka kumchagulia mama. Nilimwekea mezani mambo yaliyowezekana na nikamwambia kila moja linadai nini.

La kwanza, vanishi ya boti. Hii ni vanishi ya asili ya milingoti ya meli, yenye mafuta mengi kuliko resini, kwa kawaida mafuta ya tang na resini ya fenoliki, na siku hizi huongezwa vizuizi vya mionzi. Utando wake ni laini, unavutika mbao inapovimba. Inatoa mng'aro ule aliokuwa anautaka. Ila haitoshi kupaka mara mbili; nje inataka mara tano au sita ili utando uwe mnene, mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa kwa waiti spiriti uingie ndani ya mbao, na msasa mwepesi kila baada ya mkono. Uso wa nje pamoja na kingo zake ni kama mita za mraba 2.2, na lita moja hufunika takriban 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono sita ni zaidi kidogo ya lita. Gharama haiko kwenye kopo. Iko kwenye mwaka unaofuata: upande wa magharibi wa pwani, vanishi hiyo inataka kupigwa msasa na kuongezwa mkono kila mwaka, kabla haijapasuka. Ukichelewa msimu mmoja unarudi kukwangua upya.

La pili, mafuta yenye rangi, yale yanayoingia ndani ya mbao bila kuacha utando. Rangi yake ya kahawia ndiyo kinga: chembe zake zinazuia mwanga usiifikie lignini, jambo ambalo kitu angavu hakiwezi kulifanya vizuri hata kiwe ghali vipi. Hayang'ai. Hufifia baada ya mwaka hivi. Lakini hayabanduki, kwa kuwa hakuna cha kubanduka, na kuyafufua ni kuosha, kukausha, na kupaka tena.

Majahazi ya pwani hii yamepakwa sifa, mafuta ya papa, vizazi na vizazi kwa mantiki hiyohiyo. Harufu yake sitampendekezea mtu mlangoni, lakini hakuna nahodha aliyewahi kulalamika kwamba sifa imebanduka magamba. Huisha tu, hupakwa tena.

La tatu lilikuwa rangi ya kawaida ya mafuta, isiyoonyesha mbao. Ndiyo inayodumu kuliko zote juani. Mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Mvule umemgharimu na anataka uonekane. Sawa.

Mengine niliyataja kwa kuyaondoa. Klia ya kupulizia, hapana, ni ya ndani na hewa ya pwani yenye unyevu huifanya iingiwe na weupe wakati wa kupulizia. Shelaki, ile inayotokana na mdudu na kuyeyushwa kwa spiriti, hapana, tone la maji linaiachia doa jeupe. Mafuta matupu ya kitani, ambayo kila mzee wa karakana atakushauri, hapana kwa nje ya pwani: hukauka polepole, hayana rangi ya kukinga, na kuvu huyapenda.

Aliyeamua si mwenye nyumba

Mama alikuwa bado anauegemea mng'aro. Nikamuuliza swali moja: nani atapiga msasa mwaka kesho?

Akamwita mzee anayelinda nyumba, anayeishi pale mwaka mzima. Tulisalimiana, nikamweleza.

"Shikamoo mzee. Kazi mbili hizi, ipi utaiweza mama akiwa Dodoma?"

"Marahaba. Kupaka brashi na kufuta kwa kitambaa nitaweza. Hiyo ya msasa kila mwaka na mikono miwili mitatu, mwanangu, nitakudanganya."

Basi ikaamuliwa hapo. Mafuta yenye rangi kwa nje na kingo zote. Ndani vanishi ibaki. Mama aliuliza kama mlango hautapinda ukiwa na vitu viwili tofauti kila upande. Kwa ubao mmoja mpana ningeogopa, kwa sababu upande mmoja utanyonya unyevu haraka kuliko mwingine. Mlango wa fremu na paneli una nafasi ya paneli kucheza ndani ya mifereji yake, na mvule ni mbao tulivu. Niliona hatari ni ndogo, nikamwambia hivyo, bila kumwapia.

Kazi ilivyofanyika

Mlango ulifunguliwa bawaba na kulazwa juu ya farasi wawili, vile viegemeo vya mbao vya seremala, barazani, kivulini. Ulikaa hapo mpaka ubao wa chini uliposhuka chini ya asilimia 15. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, kavu. Ukipaka kitu juu ya mbao yenye unyevu wa 20 umefungia tatizo ndani. Nyumba ilizibwa kwa mlango wa muda wa plaiwudi, na mzee hakuupenda.

Kukwangua ndiko kulikotoa jasho. Poliyurethani ilitoka kwa kikwangulio, lakini sila iliyobaki ilinata kwenye msasa na kuuziba kila baada ya dakika chache. Ilibidi iyeyushwe kwa thina na kufutwa na matambara, sehemu ndogo ndogo, kabla ya msasa kuguswa tena. Kisha namba 80 hadi rangi ya kijivu yote ikaisha na mbao ya hudhurungi ikatokea, halafu 120, na nikaishia 150. Kwa mafuta ya nje usiisugue mbao mpaka ikawa kama kioo. Vinyweleo vikizibwa mafuta hayaingii. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa haikuwa pambo.

Mvule una tabia nyingine inayowasumbua watu bila kujua. Ndani yake mna kemikali za asili zinazoukinga na kuoza, na baadhi yake huzuia mafuta na vanishi kukauka. Mtu anapaka, kesho yake bado inanata, anamlaumu muuzaji. Nilijaribu kwanza kwenye ukingo wa bawaba, mahali pasipoonekana: doa moja nilifuta kwanza kwa asetoni, lingine sikufuta. Asubuhi iliyofuata lililofutwa lilikuwa kavu, na lile lingine lilishika alama ya kidole. Kwa hiyo uso wote ulifutwa kwa asetoni na kitambaa cheupe. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai. Tulibadilisha vitambaa mpaka rangi ikawa hafifu, na mafuta yakafuata palepale, kwa sababu kemikali hizo hupanda tena juu ukiiacha mbao ikae.

Kopo la mafuta yenye rangi halitikiswi kwa haraka na kufunguliwa. Linakorogwa kwa kijiti bapa kutoka chini kabisa, maana rangi yote imelala huko, na linakorogwa tena katikati ya kazi. Usipofanya hivyo nusu ya mlango itakuwa na mafuta na nusu itakuwa na tope. Tulipaka kwa kufuata nyuzi, tukaacha kama dakika 15 hadi 20, kisha kila kilichobaki juu kikafutwa. Hapa ndipo watu wanapoona uchungu, wanahisi wanafuta pesa. Mafuta yasiyofutwa hugeuka utando unaonata, unakusanya vumbi, na utando ndio tuliokuwa tunaukimbia. Mkono wa pili ulipigwa siku iliyofuata.

Ukingo wa chini ulipata zaidi. Mlango ukiwa umelala, ncha za miimo zilinyweshwa mafuta mara kwa mara mpaka zikakataa kunywa. Tuliongeza pia mgongo mdogo wa mbao chini kwa nje, wenye mchirizi kwa chini yake, ili maji yanayoteremka uso wa mlango yadondoke mbele ya kizingiti badala ya kukimbilia ukingo.

Matambara ya mafuta yalitandazwa uani, moja moja, mpaka yakauke. Mzee alikuwa anataka kuyakunja na kuyaweka kwenye ndoo stoo. Mafuta ya aina hii yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Nilimwonyesha njia mbili tu: kuyatandaza, au kuyazamisha kwenye maji.

Upande wa ndani ulipigwa msasa namba 320, ukafutwa vumbi, na kuongezwa mkono mmoja kutoka kwenye lile kopo lililodhaniwa kuwa feki. Lilikuwa limeweka ngozi juu. Tuliiondoa na kuchuja vanishi kwa soksi nyembamba ya nailoni. Ilikauka usiku mmoja na kung'aa ilivyopaswa.

Maelekezo aliyoachiwa mzee yaliandikwa kwenye kikaratasi ndani ya kabati la stoo: kila Agosti, kabla ya vuli, nyunyizia maji upande wa nje. Yakisimama matone, funga kopo urudi kwenye shughuli zako. Yakinywewa na mbao ikiwa nyeusi, osha kwa maji ya sabuni kidogo, acha siku mbili tatu ikauke, paka, subiri, futa. Nusu ya chini itahitaji kabla ya nusu ya juu, na hakuna ulazima wa kupaka yote kwa pamoja.

Kabla sijaondoka mama alitaka madirisha ya upande wa mashariki nayo yakwanguliwe na kupakwa mafuta yaleyale, ili nyumba ilingane. Yako ndani ya baraza lenye kina cha mita mbili na nusu, jua la asubuhi linayagusa kwa muda mfupi, mvua haiyafikii, na vanishi yake ilikuwa imeshika hata kucha haikuweza kuiinua. Nilimwambia ayaache. Yalipigwa msasa mwepesi na kuongezwa mkono mmoja wa vanishi ya boti, kazi ya siku moja. Tofauti ya mng'aro kati ya mashariki na magharibi ipo, na huwezi kuziona pande zote mbili kwa wakati mmoja.